Mkono Mrefu au Mkono Mfupi?

Wenzangu kadha wajao shule kwa baisikeli zenye gia wameniuliza: dereila ikivunjika, tununue ya mkono mrefu au ya mkono mfupi? Baisikeli nyingi za nchi yetu zina gia moja tu, nao wenye hizo na wasome ukurasa mwingine. Lakini za mtumba zitokazo Ulaya na Japani huja na gia nyingi, na sokoni dereila za kila namna hutundikwa pamoja.

Dereila ni kile kifaa cha nyuma kihamishacho mnyororo. Chini yake pana mkono wenye vigurudumu viwili, kazi yake kuuvuta mnyororo usilegee. Duara kubwa la meno hula mnyororo mwingi, dogo hula kidogo, na ubakiao hapana budi ukunjwe na mkono huo. Mkono mrefu hukunja zaidi. Siri yote ni hiyo.

Sasa hesabu. Toa meno ya duara dogo la mbele katika yale ya duara kubwa, fanya vivyo hivyo nyuma, kisha jumlisha. Baisikeli yangu ina meno 48, 38 na 28 mbele, na nyuma 14 hadi 28. Basi 20 na 14 ni 34. Mikono mifupi mingi hukomea karibu na 30, kwa hiyo yanifaa mrefu. Lakini ya mashindano yenye 52 na 42 mbele, na 13 hadi 23 nyuma, yapata 20 tu. Huo mfupi watosha, tena ni mwepesi kidogo.

Muhula uliopita fundi mmoja alimfungia mwenzetu mkono mfupi pasipo kuhesabu. Mnyororo ulipolegea, akaukata. Mwenzetu alipopanda kilima akiwa kwenye duara kubwa mbele na kubwa nyuma, mnyororo ulikaza kama kamba ya ng'ombe, dereila ikang'oka ikaingia katika spoki. Ashukuriwe Mungu, alikuwa akienda polepole.

Lakini urefu wa mkono peke yake hausemi duara kubwa la nyuma liwe na meno mangapi. Kila dereila ina kikomo chake, nacho chafaa kuulizwa dukani. Tena mkono mrefu huning'inia karibu na ardhi. Mimi nipitaye njia ya mtoni huutazama kila jioni, maana majani hujisokota katika kigurudumu cha chini.