Dubu yuko mlangoni: Utashika bunduki gani?

Tuseme, msomaji, kwamba mwanao amepata nafasi ya masomo katika Chuo Kikuu cha Alaska mjini Fairbanks, kule kaskazini mwa Marekani. Likizo inapofika, wenzake wa huko wanamwalika wakakae wiki mbili katika kibanda cha magogo porini. Barabara hakuna, watafikishwa na ndege ndogo inayotua juu ya ziwa. Simu haishiki mtandao, na jirani wa karibu yuko mwendo wa siku nzima kwa miguu. Usiku wa pili, kitu kizito kinakwaruza mlango. Je, ungependa wawe na nini mkononi?

Wengi wetu tutajibu upesi: bunduki! Jibu hilo si baya, ila ni nusu ya jibu. Kwanza, bunduki gani? Pili, je, ni bunduki kweli itakayowaokoa?

Kwa wakazi wa Alaska hili si swali la mzaha. Jimbo hilo ni kubwa karibu mara tatu ya Kenya, lakini watu wake hawafiki laki nane. Dubu wa kahawia wanakisiwa kuwa 30,000, yaani karibu dubu mmoja kwa kila watu 25, na dubu weusi ni kama 100,000. Dume wa kahawia wa pwani aweza kupita kilo 500, na akitimua mbio hufikia kilomita 55 kwa saa. Piga hesabu: akiwa umbali wa mita 45, atakufikia kwa sekunde tatu. Isitoshe, yupo musi, mnyama mwenye pembe pana kama sinia na mrefu kuliko farasi, ambaye kwa kawaida hujeruhi watu wengi zaidi kwa mwaka kuliko dubu.

Ukubwa si hoja pekee

Katika vibanda vingi utakuta bunduki zaidi ya moja, kila moja na kazi yake. Ile ndogo ya .22 ni ya sungura na ndege wa kitoweo. Kumpiga dubu nayo ni kumchokoza tu.

Kwa kujikinga, watu wa huko hupendelea aina mbili. Ya kwanza ni shotgani ya geji 12. Haitiwi marisau madogo ya ndege, bali risasi moja nzito yenye uzito wa gramu 28 hivi. Bei yake ni nafuu, nayo ni fupi na yenye nguvu kubwa kwa karibu. Ya pili ni raifeli. Hapa majina ni mengi, lakini inayosifiwa kwa wepesi wa kupatikana ni .30-06, iliyoitwa hivyo kwa kuwa risasi yake ilianza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1906. Hata sisi tunaijua kihistoria: Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipotua Mombasa Aprili 1909 kuja kuwinda, raifeli ya namna hiyo ilikuwa miongoni mwa silaha zake.

Mwaka 1983 Idara ya Misitu ya Marekani ilitoa ripoti ya majaribio ya risasi mbalimbali kwa masafa mafupi, yale ambayo mtu hukutana na dubu. Raifeli nzito, zikiwemo .458 na .375, ziliongoza. Hiyo .375 ilitengenezwa Uingereza mwaka 1912 na ilikuwa kipenzi cha wawindaji wa Afrika Mashariki. Bastola nyingi zilionekana kuwa dhaifu kwa kazi hiyo.

Basi ununue iliyo kubwa kuliko zote? La hasha. Bunduki nzito hupiga teke begani kama punda. Anayeliogopa teke hilo hufumba macho kabla ya kufyatua, na risasi yake huenda mawinguni. Ndiyo maana wenyeji husema kwamba bora raifeli ya wastani unayoimudu kuliko mzinga unaouogopa. Aliyefanya mazoezi ya shabaha mara moja tu, tena akiwa ametulia na kahawa mkononi, asidhani atalenga sawasawa akiwa na sekunde tatu na magoti yanamtetemeka.

Baridi nayo ina visa vyake. Bunduki iliyotoka nje penye baridi kali ikiingizwa ndani penye moto hutoa jasho la unyevu. Ikirudishwa nje, unyevu huo huganda na kuikwamisha. Kwa hiyo wengine huiacha kwenye baraza lililofungwa, bila risasi, mbali na mikono ya watoto. Tena mtutu uliozibwa na theluji au tope unaweza kupasuka na kumdhuru mwenyewe.

Pilipili yaishinda risasi?

Sasa tufike kwenye lile swali la pili. Mwaka 2012, wataalamu wakiongozwa na Tom Smith na Stephen Herrero walichapisha uchunguzi wa visa 269 vya watu wenye bunduki waliokabiliana na dubu Alaska, kuanzia 1883 hadi 2009. Walipolinganisha waliofyatua na wasiofyatua, hawakuona tofauti ya maana katika kiasi cha watu walioumia. Sababu? Muda haukutosha, silaha ilikwama, au dubu alikuwa ameshafika.

Wataalamu hao hao walikuwa wamechunguza mwaka 2008 mkebe wa dawa ya pilipili ya kupuliza, ambayo huzagaa kama wingu hadi mita 10 hivi. Zaidi ya mara tisa kati ya kumi, dubu wa kahawia aliyepulizwa aliacha alichokuwa akifanya. Miongoni mwa watu walioitumia katika makabiliano ya karibu, asilimia 98 hawakujeruhiwa. Wingu halihitaji shabaha ya askari.

Hata hivyo, pilipili si hirizi. Upepo mkali huirudisha usoni mwako, baridi kali huipunguza nguvu, na ukiipuliza ndani ya kibanda utalia wewe kabla ya dubu. Marubani wa ndege ndogo hawataki mkebe huo karibu na viti, wasije wakapofuka angani.

Kinga huanzia jikoni

Lakini mwulize mzee wa porini, atakuambia kwamba dubu hafuati mtu, hufuata harufu. Kwa hiyo mabaki ya samaki hayatupwi mlangoni. Chakula huwekwa katika kighala kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, nazo nguzo huzungushiwa mabati ili kucha ziteleze. Kibanda kikiachwa, madirisha hufungwa kwa mbao zenye misumari iliyotazama nje. Wengine huzungusha ua wa umeme.

Sheria nayo inawakumbusha hivyo. Alaska inaruhusu kumuua dubu kuokoa maisha au mali, lakini si ikiwa wewe ndiye uliyemvuta kwa takataka na chakula ulichozembea kukiweka. Hata ukiwa na haki, lazima umchune, ukabidhi ngozi na fuvu kwa serikali, na uandike maelezo. Hapana zawadi ya kutundika ukutani.

Na hapa pana onyo kwa wanafunzi wetu. Sheria ya Marekani kwa kawaida humkataza aliyeingia kwa viza ya masomo kumiliki au hata kushika bunduki, ingawa kuna vighairi, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiyejua aweza kunusurika na dubu akaangukia mikononi mwa mahakama. Mkebe wa pilipili, chakula kilichofungwa vyema na mwenyeji mzoefu ni salama zaidi kwake.

Kwetu nako, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na bunduki bila cheti ni jela. Lakini werevu wa kuzuia kabla ya kuua tunao. Karibu na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, mvulana Richard Turere alibuni taa za kumwekamweka zilizowatisha simba wasiingie zizini, na mwaka 2013 akaalikwa Marekani kueleza ubunifu wake. Huko Sagalla, Taita Taveta, wakulima wametundika mizinga ya nyuki kwenye ua, kwa sababu ndovu, pamoja na ukubwa wake, humwogopa nyuki.

Basi, msomaji, mwanao akiuliza achukue bunduki gani, mjibu hivi: ile ambayo sheria inamruhusu, mkono wake unaimudu, na ambayo usafi wa jikoni utaifanya isihitajike. Tahadhari kabla ya hatari.