Mswada Kabla ya Kufika Bungeni

Aghalabu wanafunzi hufundishwa kwamba sheria huzaliwa bungeni. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Mswada hupata sura yake ya kwanza maofisini, na ofisi hizo hazina nia moja: kila idara ina wajibu wake, wataalamu wake, na watu wanaoitegemea.

Hebu tutazame sheria ya kemikali ya Umoja wa Ulaya, ijulikanayo kwa jina la REACH. Hadi Septemba 1981, kemikali zaidi ya 100,000 zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni huko. Kemikali mpya zilizofuata ziliwekewa masharti ya kupimwa. Zile za zamani ziliendelea kutumika, na madhara ya nyingi kati yao hayakujulikana vema.

Katika Umoja huo, mwenye haki ya kupendekeza sheria ya namna hii ni Tume ya Ulaya, ambayo imegawanyika katika kurugenzi. Mwaka 2001 Tume ilitoa waraka uliotaka wenye viwanda wenyewe wathibitishe usalama wa kemikali zao. Kurugenzi mbili zilishirikishwa kuandaa mswada: ile ya Mazingira, iliyotazama afya ya watu na viumbe, na ile ya Viwanda, iliyotazama gharama na ushindani wa biashara.

Rasimu ilipotangazwa Mei 2003, maoni zaidi ya 6,000 yalipokelewa. Mwezi Septemba, viongozi wa Uingereza, Ufaransa na Ujerumani walimwandikia Rais wa Tume kutetea viwanda. Mswada uliotoka Oktoba ulikuwa umepunguzwa makali: polima zilisamehewa kusajiliwa, na ripoti ya usalama ilidaiwa tu kwa kemikali ambayo mtengenezaji huitoa tani 10 au zaidi kwa mwaka.

Je, mgawanyiko uliudhuru mswada? Kwa upande mmoja, ndiyo. Wapinzani wa nje walipata msikilizaji ndani. Kwa upande wa pili, hoja nyingi nzito zilikabiliwa mapema, na mswada ukatoka ukiwa wa kurugenzi zote mbili. Mabishano yaliendelea, lakini sheria ilipitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika tarehe 1 Juni 2007.

Yaani, mabishano ya ofisini huweza kuudhoofisha mswada na papo hapo kuuokoa. Basi tusomapo sheria yoyote, tusiulize tu ni wabunge wangapi waliikubali. Tuulize pia ni idara ipi iliyoshika kalamu, na ni ipi iliyoketi kando yake.