Baridi Ikiingia, Banda la Kuku Lisizibwe

Kisiwa cha Nkombo, wilayani Rusizi kusini mwa Ziwa Kivu, kimezungukwa na maji yaliyo kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mahali palipoinuka hivyo hapakosi baridi, ijapokuwa Ikweta haiko mbali. Kiangazi kikiisha na mvua za Septemba zikirejea, upepo wa ziwani huwa mkali, na wavuvi wa sambaza hurudi alfajiri wamejifunika makoti. Ndipo mama wa nyumbani, kwa kuwahurumia kuku wake, huchukua magunia na matope akaziba kila tundu la banda. Mara nyingi huruma hiyo ndiyo inayowaua.

Yafaa ieleweke kwamba kuku aliyekwisha kuota manyoya yote ana blanketi lake mwenyewe. Joto la mwili wake ni kama digrii 41, na usiku hutunisha manyoya ili hewa iliyonaswa humo imhifadhi. Baridi ya Nkombo haimshindi, madhali ni mkavu na hapigwi na upepo moja kwa moja. Adui ni unyevu. Kuku mmoja wa mayai hunywa karibu robo lita ya maji kwa siku; kuku 20, basi, hunywa lita 5. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi bandani kwa pumzi na kwa kinyesi. Banda likizibwa, mvuke hupanda, hugusa mabati yaliyopoa, hugeuka matone na kudondokea matandazo. Mwenye banda akikuta asubuhi mabati yanadondosha maji kwa ndani, hali mvua haikunyesha usiku, asihangaike kumwita fundi. Paa ni zima. Kilichokosekana ni njia ya hewa.

Matandazo yakilowa, kinyesi huoza na kutoa amonia, hewa kali inayowasha macho na kuchubua njia ya pumzi, hata vijidudu vya mafua vikapata pa kuingilia. Katika unyevu huo huo hukomaa vijidudu vya kuhara damu, ambavyo huwashambulia zaidi kuku wachanga. Mayai nayo hupungua. Kwa familia ya askari aliye kazini mbali, ambayo trei ya mayai inayovushwa hadi soko la Kamembe ndiyo daftari na sabuni ya juma, hilo si jambo dogo.

Pua isiaminiwe sana, kwani huzoea. Njia iliyo bora ni kuingia alfajiri, kabla mlango haujakaa wazi, kuchutama mpaka kichwa kiwe sawa na kimo cha kuku, na kuvuta pumzi. Macho yakiwasha, kuku wameteseka usiku kucha.

Dawa yake si kufungua banda ovyo. Hewa yenye joto hupanda. Kwa hiyo matundu yawe juu, chini kidogo ya paa, katika pande zote mbili ndefu, yakiwekewa wavu wa waya ili kicheche asipite. Sehemu ya chini, tangu sakafuni hadi juu ya vichwa vya kuku waliolala, ndiyo ya kuzibwa. Wengi hukosea hapa: huning'iniza gunia kutoka juu kama pazia la dirisha, upenyo ukabaki chini, upepo ukawapiga kuku, na hewa chafu ikafungiwa darini. Gunia lifungwe chini na kuvutwa kwenda juu, lisifike paani. Upana wa kiganja ubaki wazi hata usiku wa baridi kali. Asiye na hakika atundike unyoya kwa uzi penye kichanja cha kulalia. Ukichezacheza sana, lipo tundu la kuzibwa.

Matandazo yawe na kina cha vidole vinne. Randa za mbao zafaa, na pumba za mpunga kutoka bonde la Bugarama zafaa pia. Yageuzwe mara kwa mara, na yaliyolowa karibu na chombo cha maji yatolewe siku hiyo hiyo. Mkono ukiyafumbata yakabaki donge, yamezidi maji. Hayo yote, hata hivyo, hayawi badala ya chanjo: mdondo huingia hata katika banda safi.

Vifaranga wana shauri lao. Juma la kwanza huhitaji joto la digrii 32 hadi 35, likipunguzwa digrii 3 hivi kila juma. Wengi hutumia jiko la mkaa, na hapo pana hatari kubwa, kwa maana makaa, hata yakiwa mekundu bila moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Tundu la juu lisizibwe kamwe, wala mtu asilale chumba kimoja na jiko hilo. Vifaranga wenyewe ndio kipimo cha joto: wakijirundika, wana baridi, wakikimbilia pembeni na kuachama midomo, joto limezidi, wakitawanyika, wakila na kunywa, jiko liachwe pale lilipo.