Bima ya Hiari na Bima ya Lazima

Tuangalie Ukambani. Makueni, zama za gavana Kivutha Kibwana, kila nyumba iliyojiunga ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti; asiyetaka hakulazimishwa. Kitui nayo ikaanzisha bima yake. Oktoba 2024 ikaja SHA ya taifa, nayo ni lazima. Asiye na mshahara huulizwa habari za paa, ukuta na choo chake, kisha hukadiriwa malipo yasiyopungua 300 kwa mwezi, tena ayatoe ya mwaka mzima kwa pamoja.

Bima hatuipingi, kusaidiana katika kheri ni amri ya dini yetu. Lakini mjane muuza mahamri atazipata wapi 3,600 kwa siku moja? Na siri za nyumba yake (hili ndilo litutialo shaka zaidi) zimo mikononi mwa nani? Serikali iliyotulazimisha na itujibu.