Shingo Inapomshinda Mchoraji

Mpe mtu mzima asiyezoea kuchora penseli na karatasi, umwambie achore uso wa binadamu. Akimaliza, chukua rula upime kutoka utosini hadi kidevuni. Mara nyingi utakuta macho yamepandishwa mno, na paji la uso limebaki ufito mwembamba chini ya nywele. Katika kichwa halisi cha mtu mzima, mstari wa macho hupita karibu katikati kabisa. Wengi hawakubali mpaka wajipime mbele ya kioo. Ukishuka chini ya kidevu utakutana na kosa la pili, nami naliona kubwa kuliko la kwanza: shingo ni mistari miwili iliyosimama wima, imechomekwa kati ya kidevu na mabega kwa sababu ilibidi kuwe na kitu hapo.

Ni rahisi kuulaumu mkono. Lakini mkono unaoweza kuandika jina la mtu kwa mwandiko wa kuunganisha umeshafanya kazi ngumu kuliko kuchora taya. Mwaka 1997 wanasaikolojia wa Marekani, Dale Cohen na Susan Bennett, walichambua sababu zinazowafanya watu wazima washindwe kuchora kile wanachokitazama. Walihitimisha kwamba chanzo kikuu ni namna mchoraji anavyokiona kitu chenyewe. Vidole vina lawama ndogo.

Na kweli macho yetu yana upendeleo. Mrusi Alfred Yarbus, ambaye utafiti wake ulitoka kwa Kiingereza mwaka 1967, alinasa mwendo wa macho ya watu waliokuwa wakitazama picha. Mbele ya uso, macho yao yalitua kwenye macho na mdomo, yakaondoka kidogo, yakarudi palepale. Utosi na shingo havina mvuto huo. Mwaka uleule wa 1997 mtafiti wa ubongo Nancy Kanwisher na wenzake walieleza eneo dogo la ubongo, upande wa chini kuelekea nyuma, ambalo husisimka zaidi mtu anapoona uso kuliko anapoona vitu vingine. Kwa maisha ya kila siku mpango huu ni mzuri: usoni ndimo tunamomtambua ndugu na mgeni, aliyekasirika na anayetania. Hasara yake huonekana karatasini, pale sehemu zenye habari nyingi zinapovimba na zile zisizo na habari zinaposinyaa.

Mwalimu Mmarekani Betty Edwards alitafuta njia ya kuukwepa upendeleo huo. Katika kitabu chake cha mwaka 1979 aliwaelekeza wanafunzi wanakili mchoro wa Picasso unaomwonyesha mtunzi wa muziki Igor Stravinsky, ukiwa umepinduliwa miguu juu. Wengi walinakili vizuri kuliko walivyotarajia. Maelezo yake kwamba upande wa kulia wa ubongo ndio unaochora yamepitwa na wakati, na sioni haja ya kuyashikilia. Zoezi lenyewe lina mashiko. Mwaka 1980 Mwingereza Peter Thompson alichukua picha ya Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, akageuza macho na mdomo tu juu chini. Picha nzima ikipinduliwa, mtazamaji haoni ajabu kubwa; ikisimamishwa sawasawa, inatisha. Uso uliopinduliwa haututawali tena kama uso, na hapo ndipo tunapoanza kuona mistari.

Shingo haihitaji kupinduliwa; inahitaji kujulikana. Ndani yake mna pingili 7, idadi ileile ya twiga, isipokuwa za twiga ni ndefu mno. Fuvu limekalia pingili ya kwanza kwenye usawa wa nyuma ya masikio, mbali kabisa na kidevu. Kwa hiyo shingo hupanda nyuma ya taya, haiishii chini yake. Pingili mbili za juu pekee huchangia karibu nusu ya uwezo wa kichwa kugeuka kulia na kushoto. Tena shingo haikusimama wima. Mtazame kwa ubavu mtu aliyevaa shati lenye ukosi: kwa nyuma ukosi uko juu, kwa mbele umeshuka hadi kwenye shimo la koo. Hivyo ndivyo shingo ilivyopandwa, imeinamia mbele, na kichwa kinatangulia kifua hata kwa mtu aliyesimama kwa heshima mbele ya wakwe.

Kuna misuli miwili ambayo ningemwambia mwanafunzi aijue kabla hajagusa kope hata moja. Kila mmoja huanzia kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, ukashuka kwa mshazari mpaka juu ya mfupa wa kidari na kwenye mtulinga. Geuza uso kulia, uguse shingo: wa kushoto ndio unaojitokeza. Wachoraji wengi wanaoanza huuchora upande usio wake, au huiacha yote miwili, ndipo kichwa kilichogeuka kinapoonekana kama kimebandikwa. Kwa nyuma, msuli mwingine mpana hutoka chini ya fuvu ukatandaa hadi mabegani, na ndio unaofanya bega lianze kuteremka tangu shingoni.

Kuhusu mwili mzima, vitabu hupenda kanuni. Vitruvius wa Roma aliandika kwamba kichwa ni sehemu moja ya nane ya kimo, na Leonardo da Vinci akaifuata katika mchoro wake maarufu wa mtu ndani ya duara na mraba, mnamo 1490. Watu wazima wengi hukaribia vichwa 7 na nusu. Mtoto mchanga ana takriban 4, ndiyo maana mtoto aliyechorwa kwa vipimo vya mkubwa huonekana mzee mfupi. Mjerumani Albrecht Dürer ndiye ninayemwamini zaidi. Kitabu chake cha vipimo kilichapishwa mwaka 1528, miezi kadhaa baada ya kifo chake, na ndani yake hakuweka mwili mmoja bora. Aliweka wanene, wembamba, warefu na wafupi, kila mmoja na hesabu zake.

Wapo pia walioziacha hesabu kwa makusudi. Wachoraji wa miambani kule Kondoa, Tanzania, ambao mwanaakiolojia Mary Leakey alinakili kazi zao mwaka 1951, walirefusha viwiliwili vya watu wao. Parmigianino wa Italia alimpa Bikira Maria shingo ndefu kiasi kwamba picha ikapata jina lake hapo.

Anayetaka mtu wake asimame ana kipimo kimoja kisichohitaji kuhesabu vichwa. Mtu akiegemeza uzito wote kwenye mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda, na kwa kawaida bega la upande huohuo hushuka. Teremsha timazi kutoka kwenye shimo la koo: itaangukia karibu na kifundo cha mguu uliobeba uzito. Ikiangukia nje ya unyayo, basi mtu huyo anatembea, ameegemea kitu, au yuko njiani kuanguka.