Chanjo ya Mwani kwa Nyanya? Usiingizwe Mjini!

Wewe kijana wa Musoma, Bunda au Butiama unayesaka mshiko kwenye bustani ya nyanya, ukionyeshwa chupa ya maji ya mwani na kuambiwa eti inaua bakajani, shtuka! Mwani hauui ugonjwa.

Kazi yake ni nyingine, tena ya ujanja. Mwani wa kahawia una sukari iitwayo laminarini, inayofanana na vipande vya ngozi ya ukungu. Ikinyunyizwa, jani linadhani limevamiwa. Linakaza kuta zake na kutengeneza sumu za kujihami, kumbe mvamizi hata hajafika! Bakajani ikija kweli, inakuta mlinzi yuko macho. Umoja wa Ulaya uliikubali laminarini kama kinga ya mazao mwaka 2005.

Kwa hiyo nyunyiza mapema. Ukingoja majani yaungue, umetupa pesa ziwani. Na hata ukiwahi, kinga hii inapunguza tu. Mvua zikikolea, dawa ya ukungu bado utaihitaji. Muhogo wenye batobato? Hapo sahau, tafuta pingili safi.

Mwani wenyewe ni mali ya bahari, Ziwa Victoria haupo. Akina mama wa Paje na Jambiani, Unguja, wameulima tangu 1989, lakini ule ni mwekundu. Una karagenani, sukari nyingine inayoweza kuamsha mimea, ingawa mwingi husafirishwa nje mkavu na kuishia kwenye dawa za meno.

Basi muulize muuzaji: huu mwani gani? Umesajiliwa na TPHPA? Akianza kung'aka, ondoka zako.