Leseni ya urubani haivuki mpaka bila faili ya daktari

MZAZI wa Mutomo au Kibwezi anayeuza kipande cha shamba ili mwanawe akasomee urubani Ulaya huwaza karo, nauli na viza. Ni nadra awaze swali litakalomkabili kijana huyo siku atakaporejea: je, leseni aliyopewa ughaibuni itamruhusu kurusha ndege ya Kenya?

Haitamruhusu moja kwa moja. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka wa 1964, unaagiza kwamba rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuidhinishwa na nchi ambako ndege yake imesajiliwa. Ndege za Kenya hutambulika kwa alama ya 5Y, na mwenye kauli juu yake ni Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya (KCAA).

Mamlaka hiyo yaweza kuiidhinisha leseni ya kigeni kwa muda, na idhini hiyo hufa pindi leseni yenyewe inapokwisha. Anayetaka kufanya kazi nchini kwa miaka mingi huomba kubadilishiwa, apate leseni ya Kenya. Hapo hutahiniwa kuhusu sheria za anga za humu nchini, huku KCAA ikiiandikia nchi iliyotoa leseni ili kuthibitisha kuwa si ya kughushi. Daftari la saa alizoruka, hata likiwa limejaa mihuri, halitoshi.

Kikwazo ambacho wengi hawakitarajii ni afya. Rubani wa kulipwa sharti awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho kwa kawaida hudumu miezi 12, na miezi sita pekee kwa aliyetimiza umri wa miaka 60. Macho, masikio, moyo na akili hupimwa. Miwani si kosa mradi inarekebisha uwezo wa kuona ipasavyo.

Ulaya yenyewe, licha ya kuwa na kanuni za pamoja, haijaepuka usumbufu huu. Rubani anayehamisha leseni, tuseme kutoka Ufaransa hadi Ireland, huomba katika nchi anayoiendea. Mamlaka ya huko ndiyo huitisha rekodi za leseni na faili ya matibabu kutoka ile ya kwanza. Haruhusiwi kuwa na leseni ya nchi moja na faili ya afya katika nchi nyingine, wala leseni mbili za aina hiyo kwa wakati mmoja.

Uingereza ilipojiondoa katika mfumo huo mwishoni mwa 2020, marubani waliokuwa wamehamisha leseni zao mapema waliendelea na kazi. Waliochelewa wakawa wageni: ili kupata leseni ya Ulaya, walihitajika kufanya upya mitihani ya nadharia na majaribio angani.

Ukali kuhusu faili za afya una sababu. Mnamo Machi 24, 2015, rubani msaidizi wa Germanwings aliangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps nchini Ufaransa, na watu 150 wakaangamia. Alikuwa amemficha mwajiri wake ugonjwa, nao madaktari waliomtibu walifungwa na kanuni za siri za mgonjwa.

Afrika Mashariki ina shirika lake la usalama wa anga, CASSOA, lenye makao Entebbe, ambalo limeoanisha kanuni za nchi wanachama. Hata hivyo, kila nchi ingali inatoa leseni yake.

Kwa familia ya Kitui au Makueni, hesabu ya busara huanza kwa daktari, kabla ya kumwita mnunuzi wa shamba. Hospitali ya kaunti, hata ikiwa na daktari bingwa, haiwezi kutoa cheti hicho ikiwa daktari huyo hakuteuliwa na KCAA kuwapima marubani. Kijana anayehitimu ng'ambo naye atie sahihi ya kuruhusu rekodi zake zitumwe kabla ya kufunga virago, na ahakikishe jina lililo kwenye leseni halitofautiani na la pasipoti hata kwa herufi moja.